Koti la Kafa Ulaya Larudi Kwao

"Mama, hili gredi ya kwanza," alisema kijana wa soko la Karume, akalikung'uta koti mara mbili na kulitundika begani mwangu. "Ukilivaa huko Ulaya, watakuuliza umelinunua duka gani."

Kabla ya kuulizia bei nilifanya linalofanywa na kila fundi cherehani: nililigeuza ndani nje. Sufu nzuri, bluu iliyoiva, bitana imechanika kwapani, mabega yamenizidi vidole vitatu. Kwenye kola palishonwa kilebo kidogo kikisema kwamba koti limetengenezwa Italia. Nikacheka peke yangu, maana viza iliyonitoa Tanga kwenda Dar es Salaam wiki ile ilikuwa ya Italia. Kijana alitaja shilingi 50,000. Nilimwonyesha kwapa lilivyochanika, tukavutana, nikaondoka nalo kwa 32,000.

Watu wa rika langu tunakumbuka mitumba ilipoitwa kafa Ulaya. Tuliaminishwa kwamba mwenye nguo keshafariki, na ndugu zake wamefunga kabati lake kwenye bale na kutuletea sisi. Mama yangu hakuivaa mpaka aifue mara tatu na kuianika jua kali. Hilo koti langu sijui mwenyewe wa kwanza yuko hai au hayuko. Najua tu kwamba lilivuka bahari kuja kwetu, na mimi nikalivusha tena kulirudisha kwao.

Nashona Ngamiani, Tanga, mwaka wa 27 sasa. Mwanangu anasoma Bologna, kaskazini mwa Italia, na mwezi Oktoba alituita mimi na shangazi yake, yaani wifi yangu, tukakaa naye wiki mbili. Tangu nirudi, kila mteja mwenye safari huanza na swali moja: "Fundi, nivae nini?" Nimejibu mara nyingi mpaka nimeona bora niandike.

Anza na miguu

Mwanangu alinipigia simu miezi mitatu kabla. "Mama, usianze na nguo, anza na viatu. Nguo utaazima kwangu. Miguu utaazima kwa nani?"

Viatu nilivinunua jioni makusudi. Mguu wa asubuhi si mguu wa jioni. Ukishinda umesimama unavimba kidogo, na kwenye ndege unavimba zaidi. Kiatu kinachokukaa vizuri saa tatu asubuhi kinaweza kukubana vibaya usiku. Nilikwenda na soksi zile zile nitakazosafiri nazo, nikavaa, nikasimama, nikahakikisha mbele ya kidole kirefu panabaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kisha nikakishika kiatu na kukikunja. Kiatu cha kutembelea hukunjika pale vidole vinapoanzia, mguu wenyewe unapokunjikia. Kikikunjika katikati kama kitabu, kirudishe rafuni.

Nilichagua raba nyeusi za ngozi, soli ya mpira, zenye zipu ubavuni. Nyeusi, kwa sababu mchana zinatembea na usiku zinakaa chini ya sketi ndefu mezani bila aibu. Zipu, kwa sababu ya kutawadha: mtu anayevua viatu mara kadhaa kwa siku akifungua na kufunga kamba, safari itamwishia kwenye kamba.

Mwezi Julai nilipanda nazo Lushoto. Sisi wa Tanga tuna bahati hiyo: ukitaka kuonja baridi unapanda Usambara, na Julai ndiyo yenyewe. Nilitembea kutoka mjini mpaka Irente, kule kwenye mwamba unaotazama nyika ya Mombo, kisha nikarudi kwa mguu. Kufika mjini kisigino cha kushoto kilikuwa kimefanya lengelenge. Nilishukuru. Lengelenge la Lushoto unapanda nalo bodaboda kwenda nyumbani. La Roma unashinda nalo siku nzima mbele ya wageni. Fundi viatu alilainisha ukingo wa nyuma na kuniwekea soli ya ndani, na hazikuniuma tena.

Soksi nazo zina hesabu yake. Pamba tupu hunywa jasho na kulikalia. Ngozi inabaki mbichi, inasuguliwa, inachubuka. Sufu nyembamba, au pamba iliyochanganywa na nyuzi nyingine, hutoa unyevu upesi. Nilibeba jozi nne, nikawa nafua mbili kila usiku kwenye sinki.

Wifi yangu alibeba viatu jozi tano, na jozi mbili kati ya hizo zilikuwa za mchuchumio. "Wifi, naenda Ulaya, siendi shamba," aliniambia uwanja wa ndege. Nilinyamaza. Mimi ni mke wa kaka yake. Kuna maneno tunaachia barabara iyaseme.

Barabara ikasema Roma. Mitaa mingi ya zamani kule imetandikwa vijiwe vyeusi vya mawe ya volkano, Waitalia huviita sampietrini, kila kimoja kikubwa kama ngumi mbili. Vinapendeza kwa macho, lakini kati ya kijiwe na kijiwe pana ufa unaotosha kisigino chembamba. Tulikuwa tunakwenda kuitazama chemchemi ya Trevi. Nikasikia "kwa!" Wifi amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, kiatu kimebaki nyuma, kisigino kimezama mpaka shingoni. Mzee mmoja aliinama, akakichomoa kwa uangalifu, akampa kwa heshima kama anayekabidhi pete. Kilikuwa kimelegea kama jino la mtoto. Siku zilizobaki wifi alitembea na raba zake za mazoezi, rangi ya waridi, chini ya gauni la jioni.

Kupona kwake kulikuwa Florence. Tulishuka kule tukirudi Bologna, na mwanangu akatupeleka kwenye makumbusho ya viatu ya Salvatore Ferragamo, ndani ya jumba la kale karibu na mto Arno. Ferragamo alizaliwa 1898 katika kijiji cha kusini, akaenda Marekani akiwa kijana, akawatengenezea viatu waigizaji wa sinema, kisha mwaka 1927 akafungua kazi Florence. Alipokuwa Marekani alisomea maumbile ya mguu. Kilichomtesa ni swali ambalo kila mwanamke analijua: mbona kiatu kizuri kinauma? Jibu alilipata kwenye upinde wa unyayo. Uzito wa mwili unaangukia pale, na viatu vingi vilikuwa vinapaacha pakielea hewani. Akaanza kupategemeza kwa kipande cha chuma ndani ya soli.

Kisha ikaja 1935, Italia ikaivamia Ethiopia, ikawekewa vikwazo vya kimataifa, na chuma kizuri kikawa adimu. Ferragamo akajaza nafasi yote iliyo kati ya kisigino na unyayo kwa gome jepesi la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Hivyo ndivyo alivyotoa kiatu chenye kisigino cha kabari, kinachokunyanyua huku mguu mzima umeegemea. Vita iliyowaumiza majirani zetu wa Uhabeshi ilibadilisha mpaka viatu vya mabibi wa Florence. Nilikumbuka raizoni za mama zetu miaka ya sabini, soli nene kama tofali, na wakicheza nazo dansi mpaka alfajiri bila kuanguka. Wifi alisimama muda mrefu mbele ya kabati la kioo. "Kumbe huyu bwana alinifikiria kabla sijazaliwa," akasema. Kwa hiyo nawajibu wateja wangu: ukitaka urefu, chukua kabari au kisigino kipana. Sindano iache nyumbani.

Vaa kama kitunguu

Mchana wa Bologna mwezi Oktoba hucheza kwenye nyuzi 19 hivi, na usiku hushuka kukaribia 10. Kwa mtu wa Tanga 19 yenyewe ni msiba. Kosa tunalolifanya ni kutafuta sweta moja nene kama godoro. Utalivaa asubuhi ukiwa na furaha, saa sita jua litatoka utokwe jasho, uingie kwenye treni yenye joto na usiwe na pa kuliweka, jioni jasho lipoe mgongoni na mafua yakuanze.

Wenyeji wana msemo: vaa kama kitunguu, maganda juu ya maganda. Kinachokupa joto hasa ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, ndiyo maana nguo tatu nyembamba huishinda moja nene. Ganda langu la kwanza lilikuwa fulana ya mikono mirefu, nyembamba, iliyoshika mwili. La pili, blauzi ya kawaida. La tatu, sweta jepesi la sufu, la kukunjika mpaka liingie kwenye mkoba. La nne, koti la Karume. Chini, taiti nzito ndani ya sketi ndefu. Hakuna aliyejua kama nimezivaa. Sufu ina sifa nyingine: ikilowa kidogo bado inatia joto, na haishiki harufu haraka, kwa hiyo haihitaji kufuliwa kila siku. Jinzi ni kinyume chake. Ikilowa inakuwa nzito kama gunia, na ukiianika chumbani jioni, asubuhi unaikuta bado mbichi.

Msijiandae kwa ajili ya barabarani peke yake. Tulifika tarehe 8. Kwa kawaida mitambo ya kupasha joto majumba ya Bologna huruhusiwa kuwashwa kuanzia tarehe 15 Oktoba, ndivyo sheria inavyosema kwa mikoa yenye baridi ya namna ile. Kwa wiki nzima, kwa mwanangu kulikuwa baridi kuliko nje kwenye jua. Nguo za kulalia, soksi za ndani na dera zito vilinifaa kuliko gauni la kitenge nililolishona kwa ajili ya picha.

Mvua ilitunyeshea siku mbili, na hapo Bologna inakufadhili. Barabara zake zimefunikwa vibaraza vyenye matao, jumla yake inafika kilomita 62, na mwaka 2021 baadhi yake viliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Unatembea mji mzima mwavuli ukiwa mkobani. Kimoja kinapanda mlima mpaka kanisa la San Luca, karibu kilomita nne, matao zaidi ya 600. Nilipanda mpaka juu. Simu ya mwanangu ilihesabu hatua zetu za siku hiyo: elfu kumi na nane. Nilizitazama raba zangu nikazisalimia.

Siri ni kukaa mwilini

Jioni watu wa Bologna hutoka kutembea tu, hawaendi popote. Ni kama sisi tunavyokwenda Raskazone kupunga upepo, ila wao huvaa kwa ajili ya kutazamana. Nilikaa kwenye ngazi za Piazza Maggiore nikawatazama kwa jicho la kazi. Nilitegemea kuona nguo za ajabu. Nilichokiona ni suruali nyeusi, koti la kahawia, sweta la kijivu, skafu. Nguo za kawaida kabisa, lakini bega limeishia begani, mkono umeishia kwenye kifundo, pindo halijaburura, na viatu vimepigwa rangi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba 32,000 yangu haikupotea. Kabla ya safari nililifumua koti lile mabega yote mawili, nikapunguza vidole vitatu, nikafupisha mikono, nikabadilisha bitana kwa satini niliyobakiwa nayo kutoka kwa bibi harusi mmoja. Vifungo vya plastiki nikavitoa nikaweka vya kifuu. Ila kitambaa sikukikata. Fundi anayejua kazi huacha akiba ndani ya mshono, kwa sababu mwili hubadilika na nguo hubadilisha wenyewe.

Kwa hiyo anayetaka kupendeza kwa gharama ndogo asikimbilie dukani. Afungue kabati, atoe nguo tano anazozipenda, apeleke kwa fundi zibanwe pa kubanwa na kuachiwa pa kuachiwa. Halafu achague rangi tatu zinazosikilizana. Zangu zilikuwa bluu, nyeusi na krimu: sketi mbili, suruali moja, blauzi nne, sweta mbili, na kila cha juu kilikubaliana na kila cha chini. Uchangamfu niliuachia mitandio mitatu ya kitenge isiyozidi uzito wa kitabu. Kwenye picha naonekana nina nguo mpya kila siku.

Khanga iliyoingia kwa Mtakatifu Petro

Makanisa makubwa ya Italia yana sharti la mavazi, na katika Kanisa la Mtakatifu Petro pale Vatican walinzi wanalisimamia kweli: mabega yafunikwe, magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Kuingia ni bure, ila foleni ni ndefu, na mtu husimama saa nzima halafu akarudishwa kwa sababu ya mabega wazi. Mimi nguo zangu ni ndefu tangu utotoni na mtandio hauniondoki kichwani. Mlinzi hakunitazama mara mbili. Jua la Roma lilikuwa kali siku hiyo, na wifi alikuwa amevaa gauni lisilo na mikono. Mlinzi akanyoosha kidole.

Nilifungua mkoba nikatoa khanga. Nilikwishaitumia kama shuka ndani ya ndege, mto kwenye treni, taulo Venice na msala Bologna. Wifi akajitanda, tukapita. Ndani, chini ya kuba aliyoichora Michelangelo, ndipo nilipoyasoma maandishi yaliyokuwa mgongoni mwake: HASIDI HANA SABABU. Nilimnong'oneza. Tulitoka kule tumejishika midomo.

Baadaye nilikumbuka kwamba safari hiyo si ngeni kwa khanga. Kabla viwanda vyetu havijajengwa, nyingi zilichapwa Uingereza na Uholanzi zikapakiwa melini kuja Mombasa na Unguja, zikiwa na Kiswahili ambacho mchapaji hakukijua. Bebeni doti nzima. Kipande kimoja kitakuwa kazini, cha pili kitakuwa kinakauka.

Mifuko, na begi la wifi

Nguo za kike zina ila moja kubwa, mifuko. Ama haipo, ama ni ya mapambo. Kwenye miji yenye watalii wengi wezi wa mifukoni wapo, hasa kwenye mabasi na treni za mjini zilizojaa. Nilishona mfuko wa zipu ndani ya kiuno cha kila sketi, upana wa pasipoti, na mwingine ndani ya bitana ya koti, upande wa moyo. Ni kazi ya dakika 20 kwa fundi yeyote. Mkoba wangu ulikuwa wa kuvuka bega, nao huo haukuwa na kitu cha kuliliwa ila sweta na khanga.

Mzigo usizidi ule unaoweza kuubeba mwenyewe ngazini. Venice ilitufundisha. Mji ule una madaraja zaidi ya 400, na mengi ni ya ngazi, unapanda na kushuka. Gari haliingii. Wifi, kwa hofu ya kuwaacha viatu wake wapweke, alilileta begi lote la kilo 23 kwa ajili ya kulala usiku mmoja. Daraja la kwanza tulicheka. La tatu mwanangu alilibeba kichwani, Kitanga, na Wajapani wawili wakampiga picha. La sita tulikaa chini wote watatu, tukala mikate.

Anayekwenda Venice kati ya vuli na majira ya baridi akumbuke pia kwamba bahari hupanda. Tangu Oktoba 2020 wana malango ya chuma baharini yanayoinuliwa maji yakitabiriwa kujaa sana, lakini uwanja wa San Marco uko chini, huweza kupata maji hata siku ambazo malango hayakuinuliwa. Soli ya mpira inayoshika na ngozi iliyopakwa rangi ya nta vitakutosha kwenye unyevu. Maji yakizidi hapo, subiri yatoke. Bahari hiyo nayo ina kujaa na kupwa kama yetu.

Koti liko wapi

Siku ya mwisho mwanangu alinipeleka kwa fundi mmoja mzee, mwenye chumba kidogo chini ya matao, futi kamba shingoni kama mimi. Hatukuwa na lugha. Alinivua koti kwa ishara, akaligeuza ndani nje kama nilivyofanya Karume, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega. Alipoikuta ile akiba ya kitambaa niliyoiacha, alinyanyua uso akanitazama, akatikisa kichwa mara moja, taratibu. Kisha akasoma kilebo, akaonyesha koti, akaonyesha sakafu ya mji wake, akaniuliza kwa mikono: limetoka hapa? Nikamwonyesha kwa mikono: limekwenda, limerudi.

Lilirudi nami Tanga, halina kazi kwa joto la huku. Ila mwezi wa pili tu jirani akapata safari ya mafunzo Ujerumani, nikamwazima. Yeye ana mabega mapana, nikaachia kidole kimoja na nusu. Akafuata mwalimu aliyekwenda Uturuki, mwembamba, nikabana. Limeshatoka mara nne bila mimi, na kila likirudi hukuta kitu kwenye mfuko ule wa upande wa moyo: tiketi ya basi, karatasi ya pipi, sarafu ya senti 20.

Jana alikuja binti wa mtaa wa pili. Anakwenda Ubelgiji mwezi wa kumi na moja. Nilimpima mabega, nikaandika, kisha nikamwambia avue ndala asimame kwenye karatasi nimchore nyayo.

"Bibi, nimekuja kwa koti tu," akasema.

"Simama wima," nikamwambia. "Koti ninalo."